Katibu wa Chama cha Kutembea

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo waulizwe watu wa kwao. Mimi sikumjua akiwa mtoto. Nilimjua tayari ana mvi, ana kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, ya bluu na nyekundu, na ile sauti ya mtu aliyezoea kuiambia foleni isisukumane. Alikuwa karani wa kiwanda huko Athi River mpaka akastaafu. Sisi tulimwita Katibu. Hata mke wake alimwita Katibu tukiwa karibu. Alikuwa katibu wa mradi wa maji, katibu wa wazee wa kanisa, katibu wa kamati ya barabara yetu ambayo mpaka leo ni vumbi wakati wa jua na matope meusi wakati wa mvua. Mwisho akawa katibu wa chama cha kutembea, na hapo mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti.

Niseme mapema: sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu. Nilikuja Kitengela na nyundo na tindo wakati hapa palikuwa swara na upepo, nikachonga mawe kwa matimbo ya watu mpaka nikapata timbo langu na lori langu. Hizi ghorofa mnazoona kando ya barabara ya Namanga, nyingi jiwe lake lilipita mkononi mwangu. Sioni haya na siombi mtu radhi. Nasema hivyo tu ili ujue ni nani anakupa habari za Katibu, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa karatasi, na tulibishana miaka yote tuliyojuana.

"Mwenyekiti," alikuwa akisema, "wewe una akili sana. Shida yako ni moja. Unadhani akili inatosha."

"Na wewe unadhani karatasi inatosha."

"Karatasi haijawahi kunikasirikia asubuhi."

Chama chenyewe kilianzishwa na magonjwa. Wazee wengi wa mtaa tuna sukari ama presha, wengine wamebarikiwa zote mbili, na kila ukienda kliniki unaambiwa neno lile lile: tembea. Mimi niliona ni matusi. Mtu amebeba mawe maisha yake yote, halafu daktari mwenye umri mdogo kuliko lori lake anamwambia atembee. Katibu ndiye alikuja kwangu akasema kama ni lazima kutembea basi tutembee kwa utaratibu. Akapanga tuanzie lango la kanisa, tushuke upande wa mbuga, tuzunguke timbo la zamani lililojaa maji, turudi kabla jua halijakuwa kali. Mimi nikapewa uenyekiti kwa sababu, kwa maneno yake, chama kinahitaji mtu wa kupiga kelele.

Lakini huyo mwanzilishi wa kutembea alikuwa anakuja kutembea kwa boda boda. Kutoka kwake mpaka lango la kanisa si mbali, hata mbuzi mgonjwa anafika. Yeye anashuka kwa pikipiki, anakung'uta suruali, anatuambia, "Haya, wazee, miguu." Nikamuuliza siku moja kama haoni aibu. Akasema mwili unafaa kufika kazini ukiwa haujachoka. Na alipoanza kuvaa ile saa ya kuhesabu mwendo, alikuwa akiivua na kuitia mfukoni akipanda boda boda, kwa sababu pikipiki ikitingisha mkono saa inadhani ni miguu, na yeye hakutaka kuiba hata hatua moja. Huyo ndiye Katibu. Mvivu, lakini mvivu mwaminifu.

Chai yake ilikuwa na vijiko vitatu vya sukari, na sukari yenyewe ndiyo ilimleta kwenye chama. Alikuwa analia harusini. Alichukia simu kulia kanisani, lakini kengele ya saa yake ndiyo ilikuwa inalia katikati ya maombi kumwambia ainuke anyooshe miguu, naye anainuka kweli, na waumini wanadhani Roho amemshukia.

Na aliogopa ng'ombe. Miaka yote hiyo Kajiado, ng'ombe mlangoni, ng'ombe barabarani, ng'ombe nyuma ya duka la dawa, na yeye akiona pembe anasimama kama nguzo ya stima. Tulikuwa na mama mzee Mmaasai kwenye chama, tunamwita Koko, yaani nyanya kwa lugha yao. Mifugo ikivuka njia, Katibu anaenda kusimama nyuma ya shuka ya Koko.

"Takwenya, Koko," anamsalimia kwa heshima yote.

"Iko."

"Hawa leo ni wapole?"

"Ni wapole kushinda mwenyekiti wako."

"Hiyo si kipimo, Koko. Mwenyekiti ana pembe za ndani."

Tunacheka, ng'ombe wanapita, Katibu anatoka nyuma ya shuka na kurekebisha kola kama mtu aliyekuwa na shughuli muhimu huko nyuma.

Nikuambie sasa habari ya kile chombo chake, kwa sababu watu wengi Kitengela wanamkumbuka kwa hicho, na hawajui kilitoka wapi.

Kilitoka kwa marehemu. Tulikuwa na mwanachama fundi wa kujenga, mtu wa kimya, aliishi peke yake kwenye chumba nyuma ya maduka. Katibu alikuwa anaita majina kila asubuhi, unasema "Niko," anaweka alama. Asubuhi moja fundi hakuitikia. Kesho yake hakuitikia. Kila mtu alidhani amepata kazi mbali. Tulikuja kumpata amelala sakafuni kwake, ameanguka, na ameshakaa hapo siku kadhaa. Daktari alisema hakufa siku ile aliyoanguka. Sitaongeza neno hapo.

Katibu alikonda. Alinifuata timboni, kwenye kelele na vumbi, na viatu vyake vya ofisi, akakaa juu ya jiwe bila hata kulipangusa. Nikajua ni mambo makubwa.

"Nilimwekea alama ya kutokuwepo," akasema. "Mara mbili. Nikafunga kitabu nikaenda kunywa chai."

"Sote tulienda kunywa chai."

"Nyinyi si makatibu. Katibu akisahau mtu, amebaki na kalamu tu." Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulirudia tena. "Mama yangu alimaliza maisha yake hajui watoto wake. Nami nimeanza kutafuta maneno. Juzi nilisimama jikoni sijui kijiko kinaitwaje. Nataka kutengeneza kitu kitakachokumbuka watu wangu siku mimi nitashindwa."

Nilimwambia aache uoga, kila mzee anasahau kijiko. Alienda nyumbani akaanza.

Hakuna aliyemfundisha. Alikaa na miwani yake na video za simu, anasimamisha, anarudisha nyuma, anaandika. Mambo yenyewe, vile alinieleza, ni hivi. Saa ya mkononi, ambayo sasa kila mwanachama alikuwa nayo, inahesabu mwendo wako na mapigo ya moyo, inapeleka kwa programu iliyo kwenye simu. Hiyo programu inajua habari zako lakini imekaa nazo, haimwambii mtu. Upande mwingine Katibu ana hifadhidata yake huko kwenye mtandao, yenye safu ya jina, safu ya tarehe, safu ya mwendo, safu ya moyo, na jina la jirani wa karibu. Shida ni kufanya hivi viwili vizungumze. Zamani ungetafuta kijana wa kuandika kodi, ile lugha ya kompyuta. Siku hizi kuna kitu cha katikati ambacho huandiki kodi yoyote: unaona visanduku kwenye kioo, unavuta hiki, unavuta kile, unaunganisha kwa mstari. Kikitokea hiki, fanya kile. Mtu akimaliza kutembea, chukua mwendo wake, mwandike stoo.

Hilo la stoo ni langu. Yeye alikasirika kila nikilisema.

"Ni hifadhidata, Mwenyekiti."

"Inaweka vitu?"

"Inaweka."

"Unaingia kutoa ukihitaji?"

"Ndiyo."

"Basi ni stoo. Na hiyo mistari yako ni mabomba. Umetoa bomba kwa tangi, umepeleka jikoni. Ungeniita mimi nikuletee fundi wa maji."

"Ngai," akamtaja Mungu kwa Kikuyu chao, "na kweli ni mabomba." Akaandika hilo neno. Kwa hivyo usidhani sikuchangia.

Mabomba hayo yalivuja kwanza. Siku ya kwanza aliunganisha mstari vibaya, mapigo ya moyo yakaingia safu ya umri. Koko akaambiwa ana miaka mia moja na kumi, na alipopanda kilima akaongezeka. Alifurahi sana, alidai kiti cha mbele kanisani. Halafu ikawa mtandao ukipotea na kurudi, simu inatuma mambo yale yale mara mbili, na wazee tulioshindwa kufika timboni tukawa tumetembea mpaka Isinya. Watu walianza kutembea karibu na bonde moja lisilo na mtandao kwa makusudi. Katibu alipogundua aliongeza kisanduku cha kuuliza kwanza: safari hii tayari iko stoo? Kama iko, iache ipite. Kulikuwa na manung'uniko.

Na Koko tena. Asubuhi moja magoti yalimsumbua, akafunga saa yake shingoni mwa punda aliyekuwa anaenda kuleta maji, kisha akarudi kulala. Chombo kikatuma makofi kwenye simu zetu zote, vile kilipangwa kumpongeza anayetembea: Koko ametembea vizuri sana. Katibu aliona tu kwamba amefika mbali na moyo wake haujaonekana kupiga hata mara moja. Akaenda kwake mbio, kwa boda boda, akidhani atapata msiba.

"Koko! Saa yako iko wapi?"

"Imeenda kuleta maji."

Alicheka mpaka akavua miwani. Hakumgombeza. Alisema tu, "Chombo changu kinaamini kila anayetembea ni mzima." Alilisema akiwa bado anacheka, nasi tukacheka.

Lakini kazi kubwa ya chombo haikuwa makofi. Mtu akikaa siku mbili bila kutembea, ujumbe ulikuwa unaenda kwa jirani yake, umeandikwa na Katibu kwa maneno yake mwenyewe: Kapige hodi. Ni hivyo tu. Hakuna kupiga simu, kwa sababu alisema kwa simu kila mtu ni mzima. Ni lazima uende, ubishe hodi, uone uso. Hiyo ikawa sheria yetu. Niligombana na kijana wangu wakati fulani, nikajifungia nyumbani sitaki kuona binadamu. Siku ya tatu asubuhi Koko yuko mlangoni na kibuyu cha maziwa.

"Nimetumwa na Katibu nikuone uso."

"Umeshauona."

"Ni mbaya, lakini uko hai. Kunywa maziwa."

Nilikunywa. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya yule mtu na visanduku vyake. Mtaa huu wa watu waliotoka kila pembe, Murang'a, Machakos, kila mtu na ukuta wake na mbwa wake, alituunganisha mpaka ikawa huwezi kufa peke yako hata ukitaka.

Kusahau kwake hakukuja kama mvua. Kulikuja kama ukungu wa Ngong, unaangalia hivi hakuna, unaangalia tena kilima hakionekani. Alianza kuniita kwa jina la yule fundi aliyekufa. Nilikuwa naitikia, ningefanya nini? Ile programu ya katikati ina tabia ya kuuliza kila baada ya muda kama bado unairuhusu kufanya kazi, inataka neno la siri. Zamani alikuwa analiandika akiongea na watu wengine. Sasa alikuwa anakaa nalo asubuhi nzima, mke wake amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, hajui aingie ama asiingie. Mama huyo alinishika mkono siku moja langoni mwao.

"Baba, umeona?"

"Nimeona."

"Usimwambie umeona."

Sikumwambia. Na yeye hakuniambia. Wanaume wa umri wetu tunaweza kukaa na kitu kikubwa hivyo katikati yetu kama meza, tukaweka chai juu yake.

Sasa ile siku.

Ilikuwa Jumamosi, chama hakitembei. Nilikuwa timboni napakia lori. Simu ikalia: makofi. Katibu ametembea vizuri. Baada ya kitambo, makofi tena. Katibu amepita mwendo wake wa kawaida. Tena. Tena. Kikundi chetu cha simu kikachangamka, kila mtu anatuma mikono ya kupongeza. Hongera Katibu! Katibu leo umetuaibisha! Mwingine akaandika kwamba boda boda zimegoma bila shaka. Mimi huwa siandiki, natuma sauti. Niliinua simu nikasema, "Katibu, leo unakimbizwa na nani?" Watu walicheka sana kwa hilo.

Hakujibu hata mmoja. Hakuna aliyelifikiria hilo. Chombo kilijengwa kimlilie anayesimama. Anayetembea kilimpigia makofi.

Mchana mke wake akafika timboni, na viatu vya nyumbani, kitambaa kimeanguka kutoka kichwani.

"Katibu yuko kwako?"

Nilimwangalia. Nikaangalia simu. Makofi yalikuwa bado yanaingia.

Tuliacha mawe nusu kwenye lori tukaenda nalo hivyo hivyo. Tulimpigia, simu yake ikalia tu, na sikujua nielekee upande gani wa barabara. Tulimpitia Koko, na yeye ndiye alifanya kazi. Alipiga simu kwa watu wao kwa Kimaasai, mmoja akampigia mwingine, kijiji kwa kijiji kando ya barabara ya Namanga, na kabla hatujafika Isinya tulikuwa tumeambiwa kuna mzee Mkikuyu mwenye kalamu mbili amekaa mahali pa kunywesha mifugo, mbele kidogo, upande wa Kajiado.

Tulimkuta amekaa ukingoni mwa birika. Amevaa suti ya kanisa. Viatu vya kanisa vimemla miguu, damu imepita kwenye soksi. Akina mama wamempa maziwa kwa kikombe. Na ng'ombe walikuwa wamemzunguka, wanakunywa, wanamsukuma bega, pembe ziko karibu na uso wake, na yeye ametulia. Mmoja alikuwa amemwekea pua kwenye paja. Hakuwaogopa.

Mke wake aliangalia miguu akalia. Mimi niliangalia wale ng'ombe. Hapo ndipo nilijua.

"Mmechelewa," akatuambia. "Nimechelewa na mimi. Lango la kiwanda litafungwa."

Kiwanda kiko Athi River, nyuma yetu, upande mwingine kabisa. Alikuwa amekipa mgongo tangu asubuhi.

"Leo ni sikukuu, Katibu," nikamwambia. "Hakuna kazi."

"Mbona hamkuniambia mapema?" Akanipa mkono nimwinue, na alikuwa mwepesi kuliko jiwe la kona.

Baada ya hapo siku zake nzuri zilikuwa bado zipo, na katika siku nzuri alijua kila kitu. Hilo ndilo baya. Alikuja kwangu na kompyuta yake ameifunga kwa taulo, akasema chombo kina kasoro na ni yeye aliyeiacha. Anataka kuongeza kisanduku kimoja: mtu akitembea kupita mazoea yake, ama akiacha njia ya siku zote, watu waende kumtafuta. "Si kwa ajili yangu," akasema. "Kwa atakayenifuata." Tulikaa verandani alasiri nyingi. Alivuta kisanduku cha kwanza vizuri. Akavuta cha pili. Akachora mstari, na kidole kikasimama.

"Mwenyekiti, huu mstari unaenda wapi?"

Nilivaa miwani yangu. Niliangalia vile visanduku na maneno madogo ndani yake. Nimejivunia maisha yangu yote kwamba sikusoma na nikafika. Nimewaambia wanangu, nimewaambia wajukuu, nimemwambia yeye mwenyewe usoni. Alasiri hiyo ningetoa timbo na lori na kila jiwe nililowahi kuchonga nipate darasa la nne, la tano, lolote lile, nimwambie rafiki yangu mstari wake unaenda wapi.

"Sijui, Katibu."

"Hujui?" Alinitazama kwa huruma, kama ni mimi nimepotea. "Basi tungoje. Katibu akija atatuambia."

Mke wake akazidiwa na kazi ya kumtunza. Binti yao anayefanya biashara Ngong akaja akawachukua wote wawili. Siku ya kuondoka alinisalimia kwa mkono, vizuri, akaniambia nisalimie watu wa nyumbani.

Chombo kiliendelea bila yeye kwa muda. Kilikuwa bado kinatuma Kapige hodi, maneno yake yale yale, na watu walikuwa wanaenda. Kisha siku moja kikaandika kwamba ruhusa imekwisha, mwenyewe aingie tena. Mwenyewe. Kijana mmoja wa kanisa alisema anaweza kutengeneza kingine, kizuri zaidi. Nilimwambia atengeneze, na ametengeneza, na kinafanya kazi. Ninamshukuru. Lakini asubuhi langoni huwa naita majina kwa mdomo, bila karatasi, kichwa changu bado kinabeba. Nikifika kwa Katibu naliita pia. Hakuna aliyewahi kuniambia niache. Koko ndiye huitikia: "Yuko Ngong."

Nilienda kumwona mwezi uliopita. Binti yake alinifungulia lango, akalifunga nyuma yangu kwa kufuli, akaniomba radhi kwa macho. Katibu alikuwa kwenye kiti cha plastiki uani, amenyolewa vizuri, sweta, jua mgongoni, vilima vya Ngong juu ya ukuta. Mfuko wa shati hauna kitu. Walisema zile kalamu alikuwa anajichoma nazo.

"Karibu, mzee," akasema. "Kaa. Umetoka mbali?"

"Kitengela."

"Aah, Kitengela." Akafikiri. "Ni mbali. Kuna vumbi."

"Liko bado."

Nilimwambia habari. Mvua, mawe, Koko na magoti yake. Alisikiliza kwa adabu, anaitikia mahali pa kuitikia. Aliniuliza kama nimekunywa chai. Aliniuliza tena. Mke wake alipotuletea, alinishika bega akapita haraka. Nikamaliza chai, nikainuka niende. Akainuka pia, akanisindikiza polepole mpaka langoni, na hapo akanivuta shati kando, ili binti yake asisikie.

"Mzee, ukirudi Kitengela unaweza kunitafutia mtu?"

"Nani?"

"Rafiki yangu. Mtu wa mawe, ana kelele sana, lakini ni mtu mzuri. Nilimwacha huko bila kumuaga. Sijui kama kuna mtu anamwangalia." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mwambie aje. Hapa sijui mtu."

Nilitikisa kichwa kwamba nitamwambia.

"Huko watu ni wengi, usije ukakosea," akasema. Akashika kiganja changu, na kwa kidole, polepole, akaandika jina langu hapo, herufi moja moja, jina langu la ubatizo na la baba yangu, yote bila kosa. "Umeshika?"

"Nimeshika."

"Haya. Nenda upesi, kabla hajadhani nimemsahau."